Mashine ya Kukereza: Fedha Kidogo Ianzie Wapi

Fundi anayeishi kwa vitanda, ngazi na vinu hufika siku ambapo mashine yake ya kukereza inaanza kumrudisha nyuma. Tendegu linatoka na mawimbi ambayo msasa hauyamalizi. Mota inanguruma na kusimama patasi ikizama kidogo tu. Bakuli pana halifungwi kabisa, kwa sababu stendi nzima itaanza kutembea sakafuni. Oda zimeongezeka, mfuko haujaongezeka. Hapo ndipo wengi wanapokopa, wakanunua mashine mpya ya bei nafuu yenye rangi ya kupendeza, na miezi michache baadaye wakajikuta na mawimbi yaleyale na deni juu yake.

Ushauri wangu wote hapa unatoka katika jambo moja. Mashine ya kukereza ina vitu viwili ambavyo ni shida kuviongeza baadaye: uzito wa chuma chake, na unene wa shafti pamoja na nyumba za beringi zinazoishika. Mota, puli, mkanda, swichi, stendi, egemeo la patasi, vyote hivyo unaweza kuvibadili kimoja kimoja kadiri fedha inavyoingia. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye kile usichoweza kukiongeza. Na kama unacho tayari, usikubali kukiuza eti kwa kuwa mota imechoka.

Lakini kabla ya kuilaumu mashine, noa patasi. Mawimbi kwenye mti mwembamba mara nyingi ni kazi ya makali butu: fundi anasukuma kwa nguvu, mti unapinda mbele ya patasi, kisha unarudi, unapinda tena. Seti nyingi za bei ya chini ni za chuma cha kaboni, ambacho hupoteza ugumu wake kikipata moto kwenye jiwe la kunolea mpaka kikageuka buluu. Chuma kinachoandikwa HSS hustahimili moto huo na hushika makali kwa muda mrefu zaidi, na tofauti hiyo utaiona upesi ukikereza miti migumu kama mkongo, mvule au mpingo. Bobari moja nzuri ya HSS, patasi moja ya mshazari na kikwanguo kimoja vitakufaa kuliko seti ya vipande vinane vinavyoingia butu kila baada ya tendegu moja. Nakuomba pia usitengeneze patasi ya kukereza kwa tupa kuukuu. Tupa ni ngumu lakini haivumilii kupinda. Ikinaswa na mti unaozunguka hukatika, na kipande kinaruka kuelekea usoni. Kipande cha springi ya gari kina usalama zaidi kwa kikwanguo, ingawa kitakudai kunoa mara kwa mara.

Ukishanoa, funga kipande cha mti mkavu, kinene kiasi, kisicho na fundo, ukikereze taratibu. Mawimbi yakibaki, sasa ihoji mashine.

Chomoa umeme. Shika shafti kwa mbele, isukume juu na chini, kisha ivute kuja kwako na kuirudisha. Haitakiwi kuwe na mchezo wowote mkononi. Toa mkanda, izungushe kwa vidole huku umeweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye nyumba ya beringi. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, beringi zimekwisha. Halafu washa mota peke yake, bila mkanda. Ikitetemeka hivyohivyo, tatizo liko kwenye mota au puli yake. Ikitulia, utazame mkanda: mkanda uliokaa miezi umevutwa bila kufanya kazi hushika umbo la puli, na kila ukizunguka unagonga. Mkanda mpya ni miongoni mwa matengenezo ya bei ndogo kuliko yote, na nimeona mashine zikiuzwa kwa hasara kwa ajili ya mkanda tu.

Beringi nazo zisikutishe. Mashine nyingi ndogo na za kati zinatumia namba ambazo kila mji wenye pikipiki na mashine za kusaga nafaka unazo: 6204, yenye tundu la milimita 20, 6205, yenye tundu la milimita 25 na upana wa nje wa milimita 52, au 6206, yenye tundu la milimita 30 na upana wa nje wa milimita 62. Namba imechongwa ubavuni, isome kabla ya kwenda dukani. Chukua zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, zile zinazoandikwa 2RS, kwa sababu vumbi la mbao ni laini na hupenya kwenye mfuniko wa bati. Ukikuta beringi yenye jina kubwa inauzwa kwa bei ya karanga, iache. Wakati wa kuifunga, kanuni ni kusukuma ule mduara unaobana: ikiwa inabana kwenye shafti, sukuma mduara wa ndani, ikiwa inabana kwenye nyumba yake, sukuma wa nje. Anayegonga mduara wa nje ili beringi iingie kwenye shafti ameiharibu kabla haijazunguka hata mara moja.

Baada ya beringi, tazama miguu. Hapa ndipo fedha ndogo inapoleta mabadiliko makubwa, na ni jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalipi uzito. Mashine nyepesi juu ya meza ya mbao iliyolegea itatetemeka hata ikiwa na beringi za dhahabu. Tengeneza stendi pana kwa chini kuliko juu, yenye miguu isiyoyumba, kisha jenga sanduku kati ya miguu hiyo, karibu na sakafu, ulijaze mchanga mkavu. Sanduku la sentimita 100 kwa 40, lenye kina cha sentimita 15, hubeba karibu kilo 95 za mchanga. Ukishajaza, weka vipande vyembamba vya mbao chini ya mguu unaoning'inia mpaka yote minne ikanyage sawasawa. Kama karakana ni yako na sakafu ni ya zege, funga stendi kwa bolti za sakafuni. Ukipanga, mchanga unatosha, na siku ya kuhama utauacha hapohapo.

Sasa kasi. Nataka tukae hapa, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu.

Mota ya kawaida ya umeme wetu wa hezi 50, yenye nguzo nne, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja, puli sawa kwa sawa, kipande cha mti chenye upana wa sentimita 30 kitakuwa na ukingo unaokwenda zaidi ya mita 22 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 80 kwa saa. Sasa fikiria kipande hicho kina ufa usiouona. Kipimo wanachotumia wakereza wengi ni hiki: zidisha upana wa mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mti wa inchi 2, kama mpini, unaweza kwenda 3,000 na zaidi. Tendegu la inchi 4 linataka kati ya 1,500 na 2,250. Bakuli la inchi 12 linataka kati ya 500 na 750, na hapo ni baada ya kuwa limeshakuwa duara. Gogo ambalo bado lina pembe, ambalo upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, lianze chini kabisa ya hapo.

Mashine nyingi za bei nafuu hazishuki chini ya mizunguko 500 au 700, na hilo ndilo linalowafanya watu watake kununua nyingine. Mara nyingi hakuna haja. Kasi ya shafti ni kasi ya mota ukizidisha kwa upana wa puli ya mota, kisha ukagawa kwa upana wa puli ya shafti. Mota ya 1,440 yenye puli ya milimita 75, ikivuta puli ya milimita 150, inakupa 720. Ukiweka shafti ya kati yenye puli mbili, ile 720 ikapita tena kwenye 75 kwenda 150, unapata 360. Huhitaji kifaa chochote cha kielektroniki, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka kadiri kasi inavyopungua. Puli za chuma cha kumimina na mikanda ya saizi A zinapatikana kwa wanaouza vipuri vya mashine za kusaga. Usitafute puli ndogo mno upande wa mota. Chini ya milimita 70 hivi, mkanda wa saizi A unapinda kuliko uwezo wake, unateleza na kuungua.

Kuna njia ya kisasa zaidi, nayo ni mota ya fezi tatu pamoja na kifaa cha kubadili kasi kinachoingiza umeme wa fezi moja na kutoa wa fezi tatu. Unazungusha kitufe tu, kasi inapanda na kushuka. Mota za fezi tatu zilizotumika mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu walio wengi mtaani wana umeme wa fezi moja. Lakini kabla ya kulipa, soma kibati cha mota. Lazima kiandikwe volti 230/400, maana kifaa hicho hutoa volti 230 na mota itabidi iunganishwe kwa mpangilio wa pembetatu. Mota kubwa, za kilowati 4 na kuendelea, kwa kawaida huandikwa 400/690, na hizo hazitakufaa kwa kifaa hicho. Hata ukipata inayofaa, usiondoe puli. Mota inayozungushwa taratibu mno huishiwa nguvu, na feni yake haiipozi vya kutosha. Tumia puli kwa mabadiliko makubwa, kitufe kwa madogo.

Na kama mota yako ya fezi moja inanguruma bila kuzunguka, lakini ukiisaidia kwa kuvuta mkanda inaondoka, usiitupe. Dalili hiyo kwa kawaida ni kapasita iliyokufa, au swichi ya ndani inayokaa karibu na feni. Fundi umeme atakubadilishia kapasita kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na mota mpya; ahakikishe tu namba za mikrofaradi na volti zinafanana na za mwanzo. Kuhusu ukubwa, nusu hospawa inatosha mipini na miti ya kusukumia chapati. Matendegu na nguzo za ngazi zinataka hospawa moja. Mwenye nia ya mabakuli makubwa na vinu afikirie moja na nusu mpaka mbili.

Zipo mashine ambazo hata ukizipa haya yote hazitapona, na ni bora nikuambie wazi usiendelee kuzitilia fedha. Ni ile ambayo shafti yake imepinda, au pale beringi inapokaa pamelika mpaka beringi mpya inaingia bila kubana. Ni ile yenye reli za bomba jembamba ambazo ukizikanyaga zinalala. Ni ile yenye kichwa cha bati lililokunjwa badala ya chuma cha kumimina. Na ni ile yenye shafti nyembamba chini ya milimita 20, ambayo wewe unataka kuifanyia mabakuli. Hizo ziache zifanye mipini mpaka zichoke zenyewe.

Ukishaamua kununua, nasisitiza: chuma kizee kizito kabla ya kipya chepesi. Mashine zilizotoka vyuo vya ufundi, karakana za serikali na viwanda vya zamani huuzwa kwa mnada, au huishia kwa wauza vyuma chakavu zikiwa hazina mota. Mashine isiyo na mota ndiyo utakayopewa kwa bei nzuri, na wewe tayari unajua kuwa mota ndicho kitu rahisi kukirudisha. Daima dai risiti au karatasi ya mnada. Chuma kizito kisicho na karatasi kinaweza kukuletea askari mlangoni.

Siku ya kwenda kuiona, beba tochi, rula ndefu iliyonyooka na bisibisi. Sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwa kinachozungusha. Zikikutana uso kwa uso, mashine imenyooka. Zikipishana kwa unene wa ukucha, uliza kama kichwa kina bolti za kurekebishia. Kama hakina, punguza bei au ondoka. Pitisha tochi kwenye kila kona ya chuma cha kumimina ukitafuta ufa na alama za kulehemu. Chuma hicho hakipendi kulehemiwa, na kiraka karibu na nyumba ya beringi ni sababu tosha ya kurudi nyumbani. Kutu ya juu isikukatishe tamaa, inatoka kwa msasa na mafuta. Kutu iliyochimba mashimo kwenye reli ni jambo jingine, kwa sababu kichwa cha nyuma na egemeo havitateleza.

Kisha pima pua ya shafti, yaani hesi ambapo chaki na sahani hufungwa. Nimeona watu wakipata mashine kwa bei ya bahati halafu wakakosa chaki ya kuifunga. Hesi unazoweza kukuta ni M33 yenye hatua ya milimita 3.5, inchi 1 yenye meno 8 kwa inchi, na inchi moja na robo yenye meno 8. Ukikuta isiyo ya kawaida, si mwisho wa safari, maana mchonga vyuma mzuri wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, atakutengenezea kiunganishi, lakini gharama hiyo iingie kwenye hesabu mapema. Tazama pia tundu la ndani ya shafti. Lile linaloitwa MT2 lina upana wa karibu milimita 17.8 mdomoni, na vifaa vyake ni vingi. MT1, la karibu milimita 12, ni la mashine ndogo.

Urefu ndio unaowachanganya wengi. Mtu anataka kukereza nguzo za kitanda cha besera, za mita mbili, basi anatafuta mashine ya mita mbili. Mashine ndefu ni ghali, inakula nafasi, na mti mrefu mwembamba hutetemeka katikati hata hivyo. Kereza nguzo kwa vipande viwili au vitatu. Acha ulimi wa duara wa milimita 25 kwenye kipande kimoja, toboa tundu la kipimo hicho kwenye kingine, na uufiche mwungano kwenye mfereji ulio pembeni mwa kifundo. Ukilinganisha nyuzi za mbao vizuri, mteja hataona kitu. Mashine yenye nafasi ya sentimita 90 hadi 100 kati ya ncha mbili inamtosha fundi samani karibu kwa kila kazi, zikiwamo nguzo za ngazi.

Kujenga mashine yako mwenyewe ni njia halali kabisa, na Afrika Mashariki ina mikono ya kuifanya. Reli mbili za chuma cha chaneli cha milimita 100, shafti ya milimita 30 iliyokatwa hesi na mchonga vyuma, na beringi mbili za kufungwa kwa bolti za namba UCP206, zilezile zinazoshika shafti za mashine za kusaga, ndiyo mifupa ya kifaa kitakachodumu. Sharti ni mambo mawili. Beringi hizo zikae mbali, zaidi ya sentimita 20 kati yake, ili shafti isitikisike. Na kulehemu kufanywe kwa vipande vifupivifupi kwa kubadilisha pande, kwa sababu chaneli ikilehemiwa mfululizo upande mmoja hupinda, na ncha mbili hazitakutana tena. Nchini Tanzania, SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi mikoani. Nenda na mchoro wako ukaombe ushauri kabla ya kukata chuma. Mafundi wa zamani wa pwani walikereza matendegu kwa kuvuta kamba kwa mkono. Hilo linanipa imani kubwa kwamba karakana ndogo haifungwi na ukosefu wa mashine ya dukani.

Kwenye bajeti, usimalizie fedha yote kwenye chuma. Theluthi moja ibaki kwa chaki ya taya nne, patasi za HSS, jiwe la kunolea, na ngao ya uso mzima. Miwani peke yake hailindi taya wala meno. Ongeza barakoa nzuri, hasa ukifanya mpingo na mvule, ambayo vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea. Na kitu kimoja ambacho kwetu ni cha lazima kuliko kwingine: swichi ya kontakta, ile ambayo umeme ukikatika hujizima na haiwaki mpaka uibonyeze. Umeme unakatika, unatoa bakuli nusu ukiwa umeinama, umeme unarudi. Swichi ya kawaida itaizungusha mashine usoni pako.

Kama fedha haitoshi hata kwa mashine kuukuu, tafuta mwenzako. Mafundi wawili au watatu wa mtaa mmoja, kama walivyo wale wa Keko, Dar es Salaam, hawakerezi kutwa nzima. Mmoja anafunga, mwingine anapiga vanishi. Mashine moja nzito ya pamoja ni bora kuliko tatu dhaifu. Muandikiane nani anailipia beringi ikifa na nani ana zamu siku gani, kwa karatasi, hata mkiwa ndugu. Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ufundi chenye maandishi hayo kina la kuonyesha mbele ya ofisa maendeleo ya jamii.

Mashine ya zamani usiiuze wiki ileile mpya inapoingia. Iweke pembeni ikifanya kazi za msasa na nta, au impe mwanafunzi wako nafasi ya kujifunzia mipini bila kukusimamisha. Ikikaa miezi sita bila kuguswa, mwonyeshe mnunuzi kasoro zake zote, mpatie namba ya beringi na ya mkanda, umwuzie, na fedha hiyo inunue seti ya pili ya taya za chaki.